Klachi ya Pikipiki Inapochoka: Kurekebisha Waya, Kuongeza Washa, Kubadilisha Pleti au Kununua Klachi Nzima

Mwendeshaji anayefika gereji akisema kwamba klachi yake imechoka kwa kawaida hufanyiwa moja kati ya kazi nne: hurekebishiwa waya, huongezewa washa, yaani pete bapa ya chuma, kwenye springi, hubadilishiwa pleti, au huambiwa anunue klachi nzima. Kazi hizi hutofautiana sana kwa gharama, kwa muda na kwa kudumu, na kila moja ina ugonjwa wake. Makosa mengi hutokea kwa sababu mfuko hutazamwa kwanza na dalili baadaye, hata mtu akanunua pleti mpya ilhali waya ndio uliokuwa umekazwa kupita kiasi, au akaendelea kuuchezea waya mwezi mzima wakati pleti zake zimekwisha kubaki bati tupu.

Pikipiki zinazohusika hapa ni zile za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria na mizigo Afrika Mashariki, yaani Boxer, TVS na zile nyingi za Kichina ambazo injini zake zimefuata muundo wa Honda CG125, injini iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1970 na ambayo inanakiliwa hadi leo. Zote zina klachi ya pleti nyingi inayofanya kazi ndani ya oili ya injini, upande wa kulia, nyuma ya kava linalotokezea kiki.

Mchezo wa mkono hupungua kadiri pleti zinavyoisha

Nyuma ya kava hilo kuna hausingi, chombo cha aluminiamu chenye vidole, ambacho huzungushwa na gia ya kranki, yaani shafti kuu ya injini, wakati wote injini inapowaka. Katikati yake kuna habu iliyofungwa kwenye shafti ya gia. Kati ya hausingi na habu hupangwa pleti za aina mbili kwa kupishana: pleti za msuguano, zenye meno ya nje yanayoingia kwenye mikato ya hausingi, na pleti za chuma tupu, zenye meno ya ndani yanayoishika habu. Springi, mara nyingi nne, huzibana pleti hizo kwa pamoja ili hausingi na habu zizunguke kama kitu kimoja. Mkono wa klachi unapovutwa, waya huzungusha mkono mdogo ulioko kwenye injini, nao husukuma kijiti kinachoishinda nguvu ya springi. Pleti huachana, na injini huzunguka bila kulisukuma gurudumu.

Pleti za msuguano zinapolika, rundo lote huwa jembamba, na preshapleti, yaani bamba ambalo springi hulitumia kuzibana pleti, husogea kuufuata wembamba huo. Katika pikipiki tunazozizungumzia, kusogea huko huelekea kwenye kile kijiti cha kusukumia. Matokeo yake ni kwamba mchezo wa mkono, yaani ule umbali ambao mkono huvutika kabla ya waya kuanza kufanya kazi, hupungua siku hadi siku bila mtu kugusa kitu. Mchezo ukiisha kabisa, kijiti hubaki kimeegemea hata mkono ukiwa umeachiliwa, na sehemu ya nguvu ya springi ambayo ilipaswa kubana pleti huishia kwenye waya. Klachi hapo huanza kuteleza ingawa pengine bado ina nyama ya kutosha.

Waya nao una mwenendo wake, kwa kuwa hurefuka kadiri unavyovutwa, na kurefuka kwake huongeza mchezo. Kwa hiyo katika pikipiki moja mambo mawili yanavutana, pleti zikipunguza mchezo na waya ukiuongeza, na mtu anayetazama mkono peke yake hawezi kujua ni lipi limeshinda. Hapa ndipo linapotoka kosa linaloua pleti nyingi kuliko mengine: klachi inapoanza kuteleza, mtu hukaza waya akidhani anakaza klachi. Kukaza waya ni kuivuta klachi kabla hujaigusa. Klachi inayoteleza hulegezewa waya; klachi isiyoachia ndiyo inayokaziwa.

Kuteleza na kutoachia

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza si kama klachi imechoka, bali ni upande gani imechokea. Kuteleza kupimwe injini ikiwa imepata moto, baada ya mwendo wa robo saa au zaidi, kwa maana klachi iliyo ukingoni hushika vizuri asubuhi na kuanza kuteleza oili inapokuwa nyepesi. Katika barabara tambarare isiyo na msongamano, uwe kwenye gia ya juu kabisa kwa mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, kisha ufungue mafuta yote kwa mara moja. Pikipiki yenye klachi nzima itajikongoja kidogo na kuongeza mwendo taratibu, mlio na mwendo vikipanda pamoja. Yenye klachi inayoteleza itapandisha mlio ghafla huku mwendo ukibaki pale pale, na mara nyingine harufu ya kuungua itakufikia kabla hujapunguza mafuta.

Kipimo hicho hutenganisha pia klachi na magonjwa yanayofanana nayo. Injini iliyopoteza pumzi kwa sababu ya ringi au valvu hushindwa kupanda mlima, lakini mlio wake hushuka pamoja na mwendo. Haipigi kelele ya bure. Breki ya nyuma inayoshika huleta uzito ule ule, na hugunduliwa kwa kusimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, kuiweka frii, yaani bila gia yoyote, na kulizungusha gurudumu kwa mkono. Mnyororo uliolegea juu ya sproketi iliyochongoka huruka kwa mshtuko na kishindo, jambo ambalo klachi inayoteleza haifanyi. Kama kuteleza kumezidi sana, hata barabara haihitajiki: zima injini, ingiza gia ya juu, achia mkono wa klachi na uisukume pikipiki. Ukiweza kuisukuma bila kuisikia injini ikikuzuia, pleti hazishiki.

Kutoachia hujionyesha kwa namna nyingine. Pikipiki hutaka kwenda mbele mkono ukiwa umevutwa hadi mwisho, frii haipatikani mbele ya taa za barabarani ingawa hupatikana kwa urahisi injini ikizimwa, na gia ya kwanza huingia kwa kishindo. Kishindo cha asubuhi tu kisihesabiwe, kwa sababu pleti zilizolala usiku kucha katika oili nzito hugandana kidogo, na kuvuta mkono huku ukiisukuma pikipiki mbele na nyuma kabla ya kuwasha kunatosha kuzitenganisha.

Kabla ya kulinganisha kazi zenyewe, oili nayo iulizwe. Ikiwa klachi ilianza kuteleza siku chache baada ya kumwaga oili, mshtakiwa wa kwanza ni oili mpya na si pleti. Oili nyingi za magari madogo ya kisasa hutiwa viungo vya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo, na viungo hivyo havijui kutofautisha silinda na pleti ya klachi. Kiwango cha Kijapani cha JASO cha oili za pikipiki, kilichoanza mwaka 1998, hutenga kundi la MA, pamoja na MA1 na MA2, kwa klachi zinazokaa ndani ya oili, na kundi la MB, lenye utelezi zaidi, kwa skuta ambazo klachi yake haikai humo. Kopo la 20W-50 lenye herufi MA ndilo la kununua, na mwendo wa siku chache baada ya kubadilisha utaonyesha kama pleti zimepona au oili ile ilikuwa imesingiziwa. Oili ya kupimwa kutoka kwenye pipa lisilo na maandishi ni bahati nasibu, hata iwe imemfaa jirani yako.

Kurekebisha waya

Hii ndiyo kazi ya kuanzia daima, kwa kuwa haigharimu spea, haifungui injini, na hata isipoponya huacha jibu la uhakika kuhusu kazi inayofuata. Ifanywe injini ikiwa ya baridi. Waya una sehemu mbili za kurekebishia: skrubu ya juu kwenye mkono, chini ya mpira wa vumbi, na nati mbili za chini karibu na injini. Wengi huizungusha ya juu tu kwa sababu haihitaji spana, mpaka inatokeza nje kwa nyuzi mbili tatu na kuanza kucheza. Skrubu ya namna hiyo huvunjika, na huvunjika ikiwa na abiria.

Utaratibu ulio sahihi huanzia chini. Ingiza skrubu ya juu karibu yote ili ubakiwe na nafasi ya marekebisho madogo ya baadaye, kisha ulegeze nati za chini na uzisogeze mpaka mkono upate mchezo unaotakiwa, uzibane kwa spana mbili, na umalizie tofauti ndogo kule juu. Kwa pikipiki zake ndogo, Honda huagiza mchezo wa milimita 10 hadi 20 ukipimwa kwenye ncha ya mkono. Watengenezaji wengine hupima kwenye mzizi, karibu na bolti ambayo mkono huzungukia, ambako milimita 2 au 3 ni karibu sawa na kipimo hicho cha ncha. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, kifuate. Baada ya kufunga kila kitu, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mchezo usibadilike, ukipotea upande mmoja, waya umepitishwa vibaya au umebanwa na tangi, na kila unapokata kona klachi inavutwa kidogo pasipo wewe kujua.

Hapo ndipo waya wenyewe unapostahili kutazamwa. Nyuzi zilizokatika karibu na kile kichwa cha risasi kilichoko kwenye ncha ya waya, ala iliyopasuka na kuingiza maji, au mvuto mzito unaokwaruza ni sababu za kununua waya mpya, si za kuurekebisha wa zamani. Waya ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa katika pikipiki, na mwendeshaji wa safari ndefu afadhali awe nao mmoja chini ya kiti.

Marekebisho haya yana mipaka, na mipaka hiyo ndiyo faida yake kubwa katika kulinganisha. Ukirudisha mchezo wa kutosha na klachi ikaacha kuteleza, umeokoa pleti, na huna sababu ya kufungua kava. Ukirudisha mchezo na klachi ikaendelea kuteleza chini ya oili iliyo sahihi, basi waya hauhusiki tena, na kuuchezea zaidi ni kupoteza muda. Vivyo hivyo kwa klachi isiyoachia: ukiondoa ulegevu wote na kubakiza mchezo halali, kisha frii ikaendelea kukataa, tatizo liko ndani. Tazama pia mkono mdogo ulioko kwenye injini. Mkono wa klachi unapokuwa umevutwa nusu, ule mdogo unapaswa kufanya pembe mraba, au karibu yake, na waya. Kama umelala mno upande mmoja, ama rundo la pleti limekonda sana, ama mtu aliwahi kuuchomoa na kuurudisha kwenye meno yasiyo yake.

Pikipiki zisizo na mkono wa klachi kabisa, kama Honda C70 na C90 na jamaa zake, zina skrubu ya kurekebishia kwenye kava la kulia, iliyofungwa kwa nati. Legeza nati, zungusha skrubu kulia mzunguko mmoja, irudishe kushoto polepole mpaka uhisi inakataa kidogo, kisha uirudishe kulia kwa sehemu ya nane ya mzunguko na kufunga nati huku ukiizuia skrubu isizunguke. Ni kazi ya dakika tano, na inashangaza ni klachi ngapi za namna hiyo hufunguliwa bila yeyote kuijaribu kwanza.

Kuongeza washa

Kazi ya pili ni ya mitaani, na hakuna kitabu cha mtengenezaji kinachoiagiza. Fundi hufungua kava, huweka washa kwenye kila springi ili ibanwe zaidi, au huongeza pleti moja ya chuma ili rundo lililokonda lirudi katika unene wake. Sifa yake ni kwamba klachi iliyokuwa ikiteleza hushika siku ile ile, bila kununua kitu cha maana, na mwenye pikipiki huondoka akiwa ameridhika.

Bei yake huja baadaye. Springi iliyobanwa mapema hubakiwa na nafasi ndogo ya kujikunja, na washa ikiwa nene, koili zake hukutana kabla pleti hazijaachana. Klachi iliyokuwa inateleza inageuka kuwa klachi isiyoachia. Mkono huwa mzito, jambo ambalo anayefanya kazi foleni za mjini kutwa nzima hulisikia kwenye kiganja. Waya hukatika mapema, na kijiti na beringi yake hubeba mzigo ambao havikutengenezewa. Zaidi ya hayo, pleti zilizokwisha huendelea kuisha, na zikifika kwenye bati huanza kukwangua pleti za chuma na kumwaga unga wake katika oili ile ile inayolainisha kranki. Kwa maoni yangu washa ni dawa ya kukufikisha nyumbani kutoka mahali pasipo na duka la spea, na kwa lengo hilo sina ugomvi nayo. Kama gereji yako ina duka la spea ng'ambo ya barabara, kuifungua injini, kuharibu gasketi, na kufunga tena pleti zile zile kuukuu ni kulipa ufundi mara mbili.

Kubadilisha pleti

Kwa pikipiki iliyoshindikana kwa waya na oili, hii ndiyo kazi inayofaa mara nyingi, ila ifanywe kwa vipimo badala ya mazoea. Pleti mpya ya msuguano kwa pikipiki nyingi za cc 125 ina unene wa karibu milimita 3, na ikishuka kufikia karibu 2.6 imemaliza kazi. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba jicho haliioni, na ndiyo maana pleti nzima hutupwa na mbovu hurudishwa. Kalipa, yaani kifaa cha kupimia unene, ya bei ya kawaida inamaliza ubishi. Pleti iliyoungua hujulikana pia kwa weusi unaong'aa kama kioo na kwa harufu isiyotoka hata baada ya kuoshwa. Hiyo haifai hata kama unene wake unatosha, kwa sababu uso wake umeshagandishwa.

Pleti za chuma mara nyingi husahaulika kwa kuwa hazilikiki kwa haraka, lakini ndizo hupinda kwa joto. Ilaze kila moja juu ya kioo kinene na ujaribu kupitisha chini yake ukanda wa kipimo wa milimita 0.2. Ukipita, pleti imepinda, na klachi itatetemeka pikipiki inapoondoka au itakataa kuachia, hata pleti za msuguano zikiwa mpya kabisa. Rangi ya buluu juu ya chuma inaonyesha joto lililopita mipaka. Pleti ya namna hiyo ipimwe kwa uangalifu zaidi. Springi nazo hufupika. Njia rahisi ni kuzisimamisha zote juu ya meza pamoja na mpya moja na kutazama vichwa vyake, ingawa bei ya springi ni ndogo kiasi kwamba kubadilisha pleti bila kubadilisha springi ni ubahili usio na faida.

Kisha inakuja hausingi. Meno ya pleti hupiga vidole vyake kila unapofungua na kufunga mafuta, na baada ya muda huchimba makovu. Pleti ikitaka kuteleza kwenda upande ili iachane na mwenzake, hunasa katika makovu hayo, na klachi haiachii hata uirekebishe vipi. Makovu mepesi husawazishwa kwa tupa laini, kwa uangalifu, bila kupanua mkato. Makovu unayoweza kuingiza ukingo wa ukucha na ukanasa yameshavuka hatua hiyo, na kuyapiga tupa ni kuzipa pleti nafasi ya kugonga kwa nguvu zaidi.

Katika kufunga, mambo machache huamua kama kazi itadumu. Pleti mpya zilowekwe katika oili safi ya injini kabla ya kuingizwa, usiku kucha ikiwezekana, kwa maana pleti kavu huungua katika safari yake ya kwanza. Bolti za springi zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa sababu kidole cha aluminiamu kinachoshikilia springi huvunjika kirahisi bolti moja ikikazwa yote huku nyingine zikiwa zimelegea. Pikipiki nyingi zilizofuata muundo wa Honda zina nati ya katikati yenye mikato minne inayohitaji soketi maalumu. Fundi anayeifungua kwa patasi na nyundo ataifungua, lakini mtazame nati anapoirudisha na usikubali ifungwe ikiwa imeliwa. Gasketi ya kava iwe mpya, na mabaki ya ile ya zamani yatolewe yote. Silikoni ikipakwa kwa wingi hujikata ndani na kwenda kuziba njia za oili.

Kava likiwa wazi kwenye injini za muundo wa CG, kile kichujio cha kuzunguka kilichoko mwisho wa kranki kiko mbele ya macho yako. Kifunguliwe na kusafishwa, kwani ndicho kilichokusanya unga wa pleti zilizokwisha, na nafasi ya kukifikia bila kulipa kazi nyingine haitarudi karibuni.

Kununua klachi nzima

Klachi nzima huja na hausingi pamoja na gia yake, habu, preshapleti, pleti na springi. Bei yake ni mara kadhaa ya pleti peke yake, lakini ufundi ni karibu ule ule, kwa sababu mlango unaofunguliwa ni mmoja. Hiyo ndiyo hoja ya kuifikiria pale ambapo zaidi ya kitu kimoja kimeharibika. Hausingi yenye makovu ya kina, pamoja na pleti za chuma zilizopinda na habu yenye meno yaliyochimbika, zikijumlishwa kwa bei ya kimoja kimoja hukaribia sana bei ya kitu kizima.

Kuna dalili moja inayoelekeza huku moja kwa moja. Injini ikiwa kwenye silensa, yaani ikiwaka bila kufunguliwa mafuta, na gia ikiwa frii, sikiliza upande wa kulia. Mgongano wa chuma unaotulia au kubadilika unapovuta mkono wa klachi kwa kawaida hutoka kwenye hausingi iliyolegea kwenye bushi yake, au kwenye ribiti na springi ndogo za nyuma zinazoiunganisha na gia yake. Pleti mpya hazitautuliza. Ribiti zikiendelea kulegea zinaweza kukatika, na kipande cha chuma kikiingia kati ya gia mbili, gharama inayofuata haihesabiwi kwa bei ya klachi.

Tahadhari ni moja. Injini za aina hii zinafanana kwa sura lakini hausingi zake hutofautiana kwa idadi ya meno ya gia, na ya cc 150 si lazima iingie kwenye ya cc 125. Mzee wa duka akisema kwamba zote ni moja, weka ya zamani kaunta na uhesabu meno mbele yake. Pleti nazo zilinganishwe kwa kuwekwa juu ya zile za zamani, kwa idadi ya meno, kipenyo na unene. Ingiza meno ya pleti katika mkato wa hausingi kabla hujalipa. Yakicheza sana, yatachimba makovu mapema.

Kuhusu spea halisi na za kuiga, sishikilii kwamba ya bei kubwa ndiyo bora daima, kwa kuwa kuna pakiti za kughushi zinazouzwa kwa bei hiyo hiyo. Pleti mbaya hujionyesha gundi inapomwagika nje ya vipande vya msuguano, vipande vinapopishana urefu, au ukucha unapoweza kuinua ukingo wake. Pale ambapo uwezo hauruhusu vyote kuwa halisi, ni afadhali kuweka pesa kwenye pleti za msuguano na springi, na kuridhika na hausingi ya kuiga iliyopimwa vizuri, kuliko kufanya kinyume.

Nani achague nini

Kazi na mahali huamua kama vile vipimo vinavyoamua. Dereva wa bodaboda anayezunguka Tanga mjini, penye tambarare, na kubeba abiria mmoja mmoja, anaweza kukaa muda mrefu kwa kurekebisha waya tu na kumwaga oili kwa wakati. Pleti zake zikifika karibu na kikomo bado atamaliza wiki akipanga pesa bila hatari. Anayepanda kutoka Mombo hadi Lushoto akiwa na magunia ya viazi au abiria wawili hana anasa hiyo. Kwake pleti zinazokaribia kikomo zibadilishwe pamoja na springi mara zinapopimwa, kwa kuwa katika kona za mlima klachi inayoteleza kidogo hupata moto, na ikipata moto huteleza zaidi, na safari moja inaweza kumaliza kile ambacho mjini kingedumu miezi.

Mwenye pikipiki anayempa mtu kwa hesabu ya siku ana sababu ya kuelekea kwenye klachi nzima mapema kuliko anayeendesha yake, maana kila siku ya gereji ni siku isiyo na hesabu, na kufungua kava mara mbili katika msimu mmoja humgharimu kuliko tofauti ya bei ya spea. Anayetaka kuuza pikipiki asiweke washa. Mnunuzi mwenye akili ataujua uzito wa mkono kabla ya kuwasha injini. Na anayenunua pikipiki iliyotumika afanye kipimo cha gia ya juu kabla ya kupatana bei, kisha atazame skrubu ya juu ya waya. Ikiwa imetokeza hadi nyuzi za mwisho, ahesabu bei ya waya kwanza. Ikiwa imetokeza hivyo na bado mkono hauna mchezo, mtu amekuwa akiikaza klachi inayoteleza, na bei ya pleti na springi itolewe katika bei ya pikipiki.

Baada ya pleti mpya, mchezo wa mkono upimwe tena mwishoni mwa wiki ya kwanza, kwa sababu pleti hujikalia mahali pake na kupunguza mchezo kwa haraka zaidi katika siku hizo kuliko wakati mwingine wowote.